Kwa Nini Tunasimama

Sisi ni watu wa Wima. Tunasali tumesimama, miguu imeshikana, mikono imenyooka ubavuni kama askari wanaokaguliwa. Wenzetu wa ng'ambo ya barabara ni watu wa Magoti. Wao, kama jina lao linavyojisema bila haya, hupiga magoti. Mengine yote tunafanana: kitabu kimoja, Mungu mmoja, nyimbo zilezile, hata kuimba vibaya tunaimba vibaya sawasawa. Lakini nimelelewa nikijua kwamba kati ya anayesimama na anayepiga magoti pana bonde ambalo hata ndege mwenye akili timamu hawezi kulivuka.

Tena si suala la ibada tu. Mtu wa Wima, niliambiwa tangu sijang'oka meno ya utoto, ana shingo ndefu, hasahau neno, na hali chakula huku anatembea. Ndiyo maana sisi ni makarani, walimu na wapima ardhi. Mtu wa Magoti ana viganja vipana na hasira za karibu, ndiyo maana wao ni maseremala na mafundi bomba. Shingo yangu mimi ni fupi kama ya chupa ya wino, na kazi yangu ni kujalidi vitabu, kazi ya mikono mitupu. Familia ililimaliza hilo kwa kusema kwamba nimefuata upande wa mama, na mazungumzo yakakatikia hapo.

Yalikatikia hapo kwa sababu upande wa mama ulikuwa na kidonda. Mama ana mdogo wake wa tumbo moja. Miaka thelathini na moja kabla ya haya ninayoyasimulia, Mama Mdogo aliolewa na seremala wa Magoti, na wiki hiyohiyo jina lake likapigwa mstari kwenye orodha ya waumini. Anaishi mitaa minne tu kutoka kwetu. Mama alipomwona sokoni alikuwa akivuka barabara. Pasipokuwa na barabara ya kuvuka, alikuwa akiinama kwenye meza iliyo karibu na kuanza kubonyezabonyeza bidhaa kwa makini, na siku moja nilimkuta akibonyeza sabuni za kipande kana kwamba anatafuta iliyoiva.

Basi, mwaka ninaousimulia Wima ilikuwa inatimiza miaka mia moja. Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazee. Ni mpima ardhi mstaafu, na watu humwita Msimamo. Yeye hujifanya halipendi jina hilo, lakini ukimwita kwa jina lake halisi husikii akiitika haraka vile. Alikuja karakanani kwangu asubuhi moja, kakumbatia sanduku la bati.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Futa meza."

Nikafuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta. Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na madaftari kumi na mawili, mengine yamefura kwa unyevu, mengine yameliwa na mchwa pembeni.

"Kumbukumbu za mikutano yetu tangu siku ya kwanza," alisema kwa sauti ya mtu anayeonyesha mtoto mchanga. "Nataka uyaunganishe yawe kitabu kimoja. Jalada la ngozi, herufi za dhahabu. Tutakiweka kwenye kabati la kioo, karibu na mimbari."

Niliinua daftari la kwanza. Kurasa zilikuwa zimegandana kama mkate uliosahaulika.

"Hizi itabidi nizitenganishe moja moja, Baba Mkubwa. Kwa mvuke."

"Zitenganishe. Ila huna haja ya kusoma. Historia naiandika mimi mwenyewe, iko kwa mpiga chapa."

"Kwani wewe umeshayasoma?"

Aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu, mtu husoma historia asiyoijua."

Historia aliyoijua tuliijua sote. Hapo mwanzo, babu yake, aliyeitwa Babu Nguzo, aliingia katika nyumba ya ibada siku moja, akawakuta watu wamepiga magoti, akapaza sauti: "Simameni! Mungu hakuumba miguu kwa ajili ya kukunjwa." Waliokuwa na moyo safi wakasimama. Waliosalia wakatoka, wakaenda ng'ambo ya barabara kujenga kibanda chao. Watoto wetu huigiza tukio hilo kila mwaka, na mtoto mwenye shingo ndefu kuliko wenzake ndiye hupewa nafasi ya Babu Nguzo. Mimi nilikuwa naigiza benchi.

Nilianza kazi wiki hiyohiyo. Nilichemsha maji kwenye sufuria pana, nikawa naweka daftari juu ya wavu, mvuke ukiingia polepole, kisha naingiza ubapa wa mfupa kati ya karatasi na karatasi. Karatasi ikishatoka naitandaza kwenye kitambaa, naziba palipotoboka kwa karatasi nyepesi na gundi ya unga wa ngano, nasubiri ikauke. Kumwambia mjalidi asisome ni kumwambia mpishi asionje. Jicho linakwenda lenyewe.

Mwandishi wa kwanza wa mikutano alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa na maneno mengi. Ukurasa wa kumi na tisa uliachia siku ya Jumatano, kabla ya saa sita. Nilisoma hivi:

"Mvua tena. Paa linavuja kutoka mlangoni hadi mimbarini. Maji sakafuni yanafika kwenye vifundo vya miguu. Imeamuliwa tusali tukiwa tumesimama hadi paa litakapozibwa. Kazi ya kuziba amepewa Nguzo."

Nikaweka ubapa chini. Nikauchukua tena.

"Nguzo ameulizwa habari za paa. Amesema misumari haijafika."

Ukurasa uliofuata: "Paa bado. Nguzo anaumwa mgongo." Uliofuata: "Paa bado." Uliofuata: "Paa bado. Nguzo hakuhudhuria."

Miezi saba kama hiyo. Kisha: "Paa limezibwa, na fundi mwingine. Sakafu imekauka. Baadhi wamepiga magoti kama zamani. Nguzo amesema wanaopiga magoti wanajionyesha." Na miaka minne baadaye, kwa wino mwingine na mwandiko wa mwandishi mwingine: "Kijana mmoja ameuliza desturi ya kusimama ilianza lini. Amejibiwa: tangu azali. Ameonywa."

Mwaka uliofuata huo, waliopiga magoti walitoka wakaenda zao na mabenchi sita. Kisha akaja ofisa wa kuhesabu watu. Alianzia upande wetu kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kivuli. Alipouliza ninyi ni kabila gani, mzee mmoja aliyekuwa haelewi vizuri akajibu, "Sisi tunasali wima," na ofisa akaandika: Kabila, Wima. Kwa kuwa tulikuwa tayari kwenye karatasi, nafasi za ukarani zilipotangazwa ni majina yetu yaliyosomwa. Kwa hiyo hizo akili zetu za kuzaliwa zilitoka kwenye kivuli cha ukuta. Kuhusu shingo ndefu sikuona neno popote, na niliisaka kwelikweli.

Nilicheka peke yangu karakanani mpaka mteja aliyekuja kuchukua kamusi yake akauliza kama niko salama. Halafu nikamkumbuka Mama Mdogo, nikaacha kucheka.

Nilimpelekea Baba Mkubwa kurasa hizo nyumbani kwake, nimezilaza ndani ya bahasha ngumu. Alivaa miwani, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nilidhani atabadilika rangi. Wapi!

"Ukungu," alisema.

"Baba Mkubwa?"

"Kurasa hizi zina ukungu. Ukungu huambukiza. Wewe ni fundi, unajua zaidi yangu. Ziache nje ya kitabu."

"Ukungu nimeshautoa. Kilichobaki ni wino."

"Mwanangu." Alishusha sauti, kama anayemtuliza mgonjwa. "Mwacha asili ni mtumwa."

"Lakini hii ndiyo asili yenyewe. Babu hakuwa na misumari."

"Babu alikuwa na maono!" Akagonga meza hadi bahasha ikaruka. "Huyo mwandishi alikuwa na kinyongo. Mwandishi yeyote anayeandika 'paa bado' mara kumi na moja ana kinyongo na mtu. Watu elfu moja wanajua wao ni nani. Unataka niwaambie wao ni matokeo ya mvua?"

 Nikamwambia nitaangalia la kufanya, maneno ambayo katika ukoo wetu maana yake ni hapana, lakini yana adabu.

Jumamosi mchana nilimkuta Mama ukumbini anashona kifungo. Mama alikuwa na miaka sabini na miwili, macho makali, magoti mabovu. Niliweka kurasa mapajani pake. Alisoma akifuatisha kwa kidole. Alipofika kwenye "tangu azali, ameonywa," kidole kikasimama.

"Huyu mwandishi alikuwa mlevi," alisema.

"Mwandiko umenyooka, Mama."

"Kuna walevi wenye mwandiko mzuri. Mjomba wako alikuwa mmoja."

Akaendelea kushona. Akashona kifungo hadi uzi ukaisha, akaendelea kuchoma kitambaa kwa sindano isiyo na uzi.

"Siku ile ya orodha," alisema baadaye, bila kuniangalia, "wazee waliniuliza mimi. Walisema, wewe ni dada mkubwa, ukisema abaki, tutafikiri. Nilikuwa na mimba yako. Baba yako alikuwa anasubiri kupandishwa cheo ofisini. Nikasema, pigeni mstari."

Nilikuwa sijui hilo. Miaka yote niliamini kwamba wazee ndio waliomkata Mama Mdogo, na Mama alinyamaza tu kama wengine.

"Mumewe alipokufa, alimtuma jirani aje aniambie. Sikwenda. Nilisema, nikaingie kwenye nyumba ya watu wanaojikunja?" Akaziinua zile kurasa. "Paa! Mtu mvivu na paa lake! Nimemkosa mdogo wangu miaka thelathini na moja kwa sababu Babu Nguzo aliumwa mgongo!"

Nilitaka kumshika mkono, akaniondoa. "Usinipapase. Nenda kashone kitabu chako. Na kama umezaliwa na mimi, hizi karatasi zisibaki nje."

Nilizishona ndani. Uzi wenye nta, mishono mitano kila fungu la kurasa, gundi kwenye uti wa kitabu, kisha shinikizo la chuma siku mbili. Kitabu kilitoka kizuri hadi nikakionea wivu. Baba Mkubwa alikipokea, akakifungua mwanzo, akakifungua mwisho, akapapasa dhahabu. Hakufungua katikati. Akakifungia kwenye kabati la kioo, ufunguo akauweka mfukoni mwake.

Siku ya sherehe nyumba ya ibada ilifurika. Palikuwa na wageni wa serikali, na bango lililoandikwa MIAKA MIA MOJA HATUJAPINDA. Baba Mkubwa alisoma historia yake dakika arobaini. Watoto waliigiza. Babu Nguzo wa mwaka huo alikuwa na shingo ya kutosha. Kisha ukaja wakati wa sala kuu, ukumbi mzima ukanyamaza, watu elfu moja wakasimama kama miti ya msituni.

Mama alikuwa mstari wa mbele, mimi nyuma yake. Nilimwona anashika ukingo wa benchi. Nikadhani kizunguzungu. Akashusha goti la kulia, likalia kama mlango usiopakwa mafuta. Akashusha la kushoto. Akakunja mikono, akainamisha kichwa.

"Mama amezimia!" mtu akapiga kelele.

Hapo ikawa patashika. Wanawake watatu wakamrukia. Mmoja akampepea kwa kitabu cha nyimbo, mwingine akamfungua kilemba, wa tatu akammwagia maji usoni. Mgeni mmoja wa serikali akawa anaagiza gari. Mama akawa anajifuta maji na kuwasukuma.

"Sijazimia! Niacheni! Nimepiga magoti!"

 Baba Mkubwa alishuka mimbarini na tabasamu la mawe.

"Shemeji anaumwa," aliwatangazia watu. "Ni joto."

"Siumwi," Mama akasema kutoka sakafuni, kwa ile sauti iliyonilea. "Nasali. Na mtu akitaka kujua sababu, asome ukurasa wa kumi na tisa kwenye kile kitabu chako cha dhahabu. Sasa nipeni mkono, maana kushuka nimeshuka, kupanda siwezi."

Nilimwinua mimi. 

Kuanzia kesho yake hapakuwa na mazungumzo mengine mtaani. Watu walikwenda kuchungulia kabati, pua kwenye kioo, lakini kitabu kilikuwa kimefunguliwa kwenye orodha ya wenyeviti. Wakaanza kumuuliza Baba Mkubwa ufunguo. Alisema umepotea. Wakamwambia kuna fundi kufuli hodari ng'ambo ya barabara. Wiki ya tatu, kamati ikaketi, na Jumapili iliyofuata Baba Mkubwa akasimama mbele ya waumini na kitabu mkononi. Niliona amekonda. Nikaanza kumwonea huruma, nikafikiri, leo mzee wa watu ataaibika.

Akasoma ukurasa wa kumi na tisa, neno kwa neno, hadi kwenye misumari, na uliofuata hadi kwenye mgongo. Watu wakaguna. Akafunga kitabu, akafumba macho.

"Ndugu zangu," alisema, "ni nani aliyeleta mvua?"

Akafumbua macho.

"Ni nani aliyechelewesha misumari? Mnadhani ni mwenye duka? Babu Nguzo alijua kwamba paa likizibwa mapema hatutajifunza kusimama. Akavumilia lawama. Akajifanya anaumwa mgongo, kwa ajili yetu!"

Na watu, Mungu anisamehe, wakaanza kulia. Mzee mmoja nyuma yangu alisema alikuwa akihisi hivyo tangu utotoni. Siku hizi hiyo ndiyo historia. Inaitwa Maji ya Neema. Kila mwaka humwagwa ndoo mbili sakafuni kabla ya sala kuu, na mwaka wa kwanza mweka hazina aliteleza akavunjika mkono, ikahesabiwa kuwa baraka. Mpiga chapa alichapa upya. Kinachonikereketa ni kwamba maneno "tangu azali" yapo palepale.

Suala la Mama lilipatiwa ufumbuzi wa kitabibu. Kamati iliamua kwamba waumini waliozidi miaka sabini wanaruhusiwa kupiga magoti kwa sababu za kiafya. Ndani ya miezi miwili wanawake kumi na wanne walikuwa wameugua, wawili kati yao hawajafika hamsini. Wana mstari wao upande wa dirishani na wameanza kushona sare. Nasikia wanasema wao ndio Wima halisi.

Lakini hayo ni ya Wima. Nilitaka kueleza ya Mama.

Wiki moja baada ya sherehe aliniambia nivae viatu. Tulitembea mitaa ile minne, mimi nimebeba kikapu, yeye anatembea mbele na kusimama kila pembe akisingizia magoti. Mlango ulikuwa wa mbao nzito uliochongwa vizuri, kazi ya marehemu. Mama Mdogo alifungua mwenyewe. Wanafanana hadi inatisha, ila yeye mnene kidogo na ana mwanya.

"Shikamoo, dada," alisema, kwa kuwa adabu haisubiri moyo.

"Marahaba."

"Umekuja kufanya nini?"

Mama alikuwa ameandaa maneno, nilimsikia akiyarudia chumbani tangu alfajiri. Yote yakamtoroka. "Nimekuja kukwambia kwamba mimi nami nimepiga magoti," alisema. "Mbele ya watu."

Mama Mdogo akaegemea mwimo wa mlango.

"Sisi tuliacha," alisema.

"Mliacha nini?"

"Magoti. Tuna mhubiri mpya, huu mwaka wa sita. Ametuletea viti vya plastiki. Siku hizi tunasali tumekaa. Anasema ndivyo mababu walivyokuwa wakifanya."

Nilidhani watacheka. Nilikuwa nishaanza kucheka mimi. Ila Mama Mdogo akaanza kupiga kelele. Alipiga kelele pale mlangoni karibu saa nzima. Alitaja kilio cha mumewe, viti alivyopanga vya watu wa kwao, vikabaki vitupu mstari mzima. Alitaja sabuni za sokoni: kumbe alikuwa akiona kila mara. Alitaja watoto wake watatu waliokua wakidhani mama yao aliokotwa. Majirani walitoka, wakarudi ndani, wakatoka tena. Mama hakujitetea. Alisema mara moja tu, katikati, "Mimi ndiye niliyewaambia wapige mstari. Si wazee. Mimi," na kelele zikaanza upya kutoka mwanzo.

Alipochoka alishika kizingiti, akahema.

"Kikapu kina nini?" akaniuliza mimi.

"Mayai, Mama Mdogo. Na kitambaa."

"Mayai mangapi?"

"Thelathini."

"Kwa miaka thelathini na moja? Moja limepungua," alisema, akachukua kikapu, akaingia ndani. Mlango hakuufunga. Mama alibaki amesimama kibarazani, hajui kama ule ni mwaliko ama ni usahaulifu. Alinigeukia, mara ya kwanza maishani nikamwona hana la kuniamuru. Kutoka ndani tukasikia sufuria ikiwekwa jikoni, na sauti ikiuliza kwa ukali kama huyo dada yake bado hatumii sukari, ama hilo nalo limebadilika.